Maji Yaliyotibiwa na Maji Yaliyotibuliwa

Miongoni mwa barua zilizofika katika dawati letu la istilahi iko moja kutoka kwa mwalimu wa shule ya sekondari huko Igowole, wilayani Mufindi, katika mkoa wa Iringa. Mwalimu huyu aliombwa na chombo cha watumiaji maji cha mahali pake awaandikie kwa Kiswahili tangazo la kubandikwa penye vituo vya kuchotea maji, ambavyo wengine huviita vilula, akitegemea kijitabu cha mafunzo kilichoandikwa kwa Kiingereza. Akaandika: "Maji haya yametibiwa." Fundi wa mabango aliyelinakili tangazo lile kwa brashi na rangi akaandika: "Maji haya yametibuliwa." Bango likakaa siku mbili, na baadhi ya akina mama waliolisoma wakageuka na ndoo zao wakarudi kijitoni walikozoea.

Mwalimu anatuuliza mambo matatu. Je, ni sahihi kusema kwamba maji yanatibiwa, ilhali maji hayaugui? Kama si sahihi, tuseme nini? Na tatu, ambalo aliliandika kama nyongeza chini ya sahihi yake, ingawa kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote: kwa nini twasema tunawapelekea watu "maji safi" hali wao wanayo maji yaliyo safi tayari, maangavu kama kioo, ila yana viini vya maradhi?

Makala haya yanakusudia kumjibu mwalimu huyo, na pamoja naye wafasiri na watumishi wa serikali ambao hukutana na nyaraka za maji kila mara. Jambo tunalotaka kulionyesha ni moja. Katika kazi ya maji, mtu hutenda kwa kulifuata neno aliloambiwa. Neno likibeba maana mbili, mkono utafanya kazi moja na kuiacha ya pili, na upungufu huo hauonekani mpaka watu waanze kuugua.

Yafaa kwanza msomaji aijue Igowole. Ni mji mdogo ulioko kwenye barabara itokayo Nyololo kwenda Kibao, katika nchi ya baridi, ya mashamba ya chai na misitu ya kupandwa. Mvua za Nyanda za Juu Kusini hunyesha kwa msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo vijito hubeba udongo na kugeuka rangi, lakini katika miezi iliyobaki maji ya chemchemi na ya vijito huwa maangavu hata mtu aweza kuzihesabu changarawe zilizo chini yake. Kwa sababu ya vilima, maji katika sehemu hizi aghalabu huletwa vijijini kwa mserereko, yaani hushuka yenyewe katika bomba toka chanzo kilicho juu, pasipo pampu. Neno hili "mserereko" limekwisha kuzoeleka katika kazi za maji, nalo lapita kwa uzuri mengi tuliyoyatunga ofisini: ni fupi, lafahamika na mtoto, na lasema hasa jambo linalotendeka. Laiti maneno yote ya kazi hii yangekuwa namna hiyo, makala haya yasingehitajika.

Tuanze na "tibu". Kitenzi hiki ni cha jamaa moja na "tiba", "tabibu" na "matibabu", maneno tuliyoyapata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili katika Kiswahili ni kumpa mgonjwa dawa ili apone. Wafasiri walikifikisha kwenye maji kwa sababu Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mgonjwa na kwa maji, na kwa ngozi na mbao vilevile. Lakini huko huko Mufindi, ambako miti huvunwa na nguzo za umeme hutengenezwa kwa wingi, sijamsikia fundi akisema nguzo "imetibiwa". Husema imetiwa dawa. Kwa hiyo hoja ya mwalimu kwamba maji hayaugui ina uzito, ingawa si hoja ya mwisho, kwani lugha hupanua maana za maneno yake kila siku wala haiombi ruhusa. Kama kosa la "tibu" lingekuwa hilo tu, tungelisamehe.

Kosa kubwa zaidi ni la jirani yake. Kiswahili kina kitenzi "tibua", ambacho maana yake ni kuvuruga kitu kilichotulia, na hasa kuvuruga maji mpaka tope lililo chini lipande juu. Ng'ombe akiingia kijitoni huyatibua maji. Sasa na tuviambishe vitenzi hivi viwili. Maji yaliyofanyiwa kazi na wataalamu "yametibiwa". Yaliyovurugwa na ng'ombe "yametibuliwa". Maji yanayoweza kutengenezwa "yanatibika". Yanayochafuka upesi "yanatibuka". Katika jozi hii ya pili tofauti ni irabu moja tu, na irabu hiyo ndiyo inayotenganisha maji ya kunywa na maji ya tope. Yule fundi wa mabango hakuwa mjinga. Alikuwa na neno analolijua tangu utoto wake kuhusu maji, akaletewa jingine linalofanana nalo kuhusu hospitali, akadhani mwalimu amekosea, akamsahihisha. Mimi kwa upande wangu simlaumu.

Hata hivyo lazima tukiri kwamba "kutibu maji" kumekwisha kuingia katika taarifa, mikataba na hotuba, na istilahi iliyokwisha kuota mizizi haing'olewi kwa makala moja. Ushauri wetu ni huu. Katika nyaraka za kiofisi, mahali panapotakiwa jina moja la kutaja kazi yote tangu maji yanapoingia mtamboni hadi yanapotoka, "kutibu" kwaweza kubaki. Katika tangazo la wananchi, katika redio, na katika maelekezo ya mhudumu wa mtambo kusitumike kabisa. Huko isemwe kazi yenyewe iliyofanyika. Mwalimu wetu tumemjibu aandike, ikiwa ndivyo ilivyo: "Maji haya yamechujwa na kutiwa klorini. Yanafaa kunywewa." Na lile neno "tibua" lisiachwe bure. Kiwango cha tope lililotanda katika maji hupimwa kwa kifaa, nacho kinahitaji jina; wengine wamekuwa wakiandika "uchafu wa maji", ambalo halisemi uchafu gani. Sisi twapendekeza "mtibuko". Mhudumu akiambiwa kwamba mtibuko umezidi asifungulie maji, ataelewa kabla hajafunzwa.

Sasa tulitazame swali la tatu. Neno "safi" nalo asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo linahusu kitu kiangavu, kisichochanganyika na kingine. Kiswahili kimelipanua likawa la nguo, la moyo, la fedha na hata la salamu, lakini mtu akilitumia kwa maji, jicho ndilo linaloamua. Maji yasiyo na tope, rangi wala harufu ni safi. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo hawaonekani kwa jicho, basi katika maana ya kawaida ya neno maji yenye bakteria hao yaweza kuitwa safi, na asemaye hivyo hasemi uongo.

Waliotunga usemi "maji safi na salama" walilijua jambo hili. Usemi huu tumeurithi kutoka katika kampeni za maji vijijini, nao tuliuzoea mno hata tukadhani "salama" ni pambo la "safi". La hasha. Ni sifa mbili, na kila moja ina kazi yake: safi kwa macho, salama kwa tumbo. Mwaka 1971 serikali ilipoanzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji katika umbali usiozidi mita 400, hesabu iliyofuatiliwa zaidi ilikuwa ya umbali na wingi. Katika mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma mipango mikuu ya maji iliyokamilishwa mwaka 1982 kwa msaada wa Denmark iliweka mkazo katika vyanzo vilivyo vizuri kwa asili, ili pasihitajike mitambo mikubwa. Lilikuwa jambo la busara kwa fedha za wakati ule. Lakini lilizidisha imani kwamba maji ya mlimani, kwa kuwa ni safi, hayana haja ya jambo jingine. Watu wameongezeka, mashamba yamepanda hadi karibu na chemchemi, vyoo vimechimbwa juu ya vyanzo, na imani ile imebaki pale pale.

Kutoka hapo tutazame majina ya taasisi. Mamlaka zetu za mijini zilijulikana kwa miaka mingi kuwa ni za "Maji Safi na Maji Taka", na baadaye maneno hayo yakaunganishwa yakawa "majisafi" na "majitaka". Kuunganisha huku tunakuunga mkono, kwani kunaonyesha kwamba "majisafi" ni jina la huduma wala si ushuhuda kuhusu kila tone litokalo bombani. Na "majitaka" kwa kuandikwa pamoja kumewaondolea walimu mzaha wa wanafunzi, wale wanaosoma "maji taka" wakauliza ni maji anayoyataka nani.

Jina lililofuata limetupa taabu zaidi. Sheria ya mwaka 2009, na ile Na. 5 ya mwaka 2019 iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, zote mbili hutumia "usafi wa mazingira" kwa maana ya mambo ya vyoo, majitaka na uondoaji wake. Nia ni njema: neno ni la adabu, tena pana. Lakini kwa mwananchi, usafi wa mazingira ni ufagio, fyekeo na jembe. Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wanapozibua mitaro na kuchoma takataka. Matokeo yake ni kwamba mwananchi humwuliza mtumishi wa maji kwa nini takataka za soko hazijazolewa, kazi ambayo ni ya halmashauri, wala hamwulizi neno kuhusu choo chake kilichojaa, kazi ambayo ndiyo iliyokusudiwa na sheria. Adabu ya neno imekificha choo. Mtakumbuka kwamba kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma, haikuona haya kusema "choo" na "kinyesi", na vyoo vilichimbwa kwa wingi. Hatuwezi kuibadili lugha ya sheria, lakini mfasiri aweza, mara ya kwanza anapolitaja jina hilo, kuongeza: "yaani vyoo na majitaka". Maneno manne tu.

Tuingie sasa mtamboni. Mafundi na wananchi huuita mtambo mzima "chujio". Husikika "chujio la maji limezinduliwa", na maana yake ni majengo, mabwawa, mashine na maabara. Kutaja kitu kizima kwa jina la sehemu yake ni desturi ya lugha zote, nasi hatungeijali, ila kwamba chujio la nyumbani mtu analijua: hukamata chai na kuiacha maji yapite. Akisikia maji yamepita katika chujio huona kazi imekwisha. Kwa kweli kazi ni hatua kadhaa, na kila moja yastahili kitenzi chake.

Mahali penye tope jingi, kwanza hutiwa shabu au kemikali ya jamaa yake. Shabu ni neno la zamani, watu wa pwani wanalijua. Bara wengi hawalijui, nao wafasiri wamelazimika kuandika "salfeti ya alumini", jambo ambalo si kosa. Chembe za tope ni ndogo mno na zinasukumana, hazishuki zenyewe. Shabu huzifanya zishikamane ziwe mabonge laini kama ya maziwa yanayoanza kuganda. Kazi hii huitwa na wengine "kugandisha", lakini maji yenyewe hayagandi, chembe ndizo zinazoshikamana. Kwa hiyo "kushikamanisha" ni bora, hata kama ni refu. Kisha maji huachwa yatulie, mabonge yakashuka chini yakawa mashapo. Hapa mfasiri ajihadhari na "kutuama". Kwa maana ni sahihi, lakini maafisa wa afya wamewafundisha watu kwa miaka mingi kwamba maji yaliyotuama huzalisha mbu, na si busara kumwambia mtu kwamba anakunywa maji yaliyotuama. Sema "kutuliza" na "bwawa la kutulizia".

Kisha ndipo huja kuchuja, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipoona neno moja likiweza kuharibu mtambo mzima.

Kwa miji midogo na vijiji vyenye mashapo haba, chujio lifaalo sana ni la mchanga la mwendo wa polepole. Ni la zamani. James Simpson alilijenga London mwaka 1829 kwa kampuni ya maji ya Chelsea. Maji huwekwa juu ya tabaka la mchanga laini lenye kina cha kama mita moja, yakashuka taratibu kiasi kwamba kila mita ya mraba hupitisha lita 100 hadi 200 tu kwa saa. Halihitaji kemikali wala umeme. Siri yake haimo katika mchanga peke yake. Baada ya siku kadhaa juu ya mchanga huota utando mwembamba wenye uteute, uliojaa viumbe hai wasioonekana, na utando huo ndio ukamatao na kula sehemu kubwa ya viini vya maradhi. Thamani yake ilidhihirika mwaka 1892 katika miji miwili ya Ujerumani iliyopakana, Hamburg na Altona, yote ikinywa maji ya mto Elbe. Hamburg haikuyachuja, na kipindupindu kiliua humo zaidi ya watu 8,000. Altona iliyachota mto huo huo chini zaidi, baada ya kupokea majitaka ya Hamburg, lakini iliyapitisha katika mchanga. Nayo iliokoka kwa sehemu kubwa.

Sasa fikiri mhudumu wa chujio la namna hii amepewa maelekezo yasemayo: "Safisha chujio mara kwa mara." Huyu ni kijana mwenye bidii. Anatazama juu ya mchanga, anauona uteute wa rangi ya kahawia unaonuka kidogo, naye kwa malezi yote aliyopata anajua kwamba huo ni uchafu. Anaukwangua kila wiki, pengine anauosha na sabuni. Maji yatokayo huwa maangavu bado, maana mchanga uko, lakini kinga imeondoka, na kwa siku kadhaa mpaka utando uote tena wote wanaokunywa wanakunywa viini. Hapana aliyekosa utiifu hapa. Neno "safisha" lilimtuma auondoe uhai ule uliokuwa ukifanya kazi. Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Utando huo upewe jina lenye heshima, "utando hai", ili mtu asiuonee kinyaa. Na kazi ya kuondoa sentimita moja au mbili za juu pale tu maji yanapokataa kupita, kazi ifanywayo baada ya wiki nyingi au miezi, iitwe "kuparua mchanga", isiitwe kusafisha. Baada ya kuparuliwa chujio huachwa "lipevuke" kabla maji yake hayajanywewa. Kitenzi hiki twakichukua kwa mkulima: tunda lisilopevuka haliliwi.

Udhaifu wa chujio hili ni kwamba mtibuko ukizidi huziba upesi. Mapema katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya utafiti juu ya kulitanguliza chujio la kokoto, ambamo maji hupita kwa ulalo katika kokoto kubwa, kisha za wastani, kisha ndogo, yakiacha tope lake njiani. Ulikuwa mchango wa nchi hii katika elimu ya maji, na wageni walijifunza kwetu. Jina "chujio la kokoto" linatosha. Anayelijenga hahitaji jingine.

Hatua ya mwisho ni kuua vijidudu. Baadhi ya wafasiri huandika "kutakasa", na kwa masikio ya fasihi lapendeza. Tatizo ni kwamba utakaso ni neno la ibada. Maji yaweza kuwa tohara kwa ibada na yasifae kunywewa, na yaweza kufaa kunywewa bila ya kuwa na lolote la ibada. Afadhali mambo haya mawili yakae mbalimbali. "Kuua vijidudu" ni wazi na halimkwazi mtu.

Na kinachoviua kiitwe kwa jina lake: klorini. Neno lililozoeleka ni "dawa", na huko Mufindi neno hilo lina historia yake. Dawa hupuliziwa chai, dawa hutiwa nguzo, dawa huwekewa panya. Mtu akiambiwa maji yametiwa dawa, hana kosa akinusa na kuyamwaga. Uvumi kwamba dawa ya maji huzuia uzazi umesikika katika sehemu nyingi za nchi, nao hupata nafasi pale neno linapokuwa la jumla mno na kipimo hakitajwi. Tangazo lisemalo kwamba klorini imewekwa, kwamba harufu yake hafifu ni ishara kuwa kinga ipo, na kwamba maji yasinywewe mpaka nusu saa ipite tangu ilipotiwa, humpa msomaji kitu cha kukipima mwenyewe. Nusu saa hiyo ndiyo muda ambao Shirika la Afya Duniani linausisitiza ili klorini ifanye kazi, nayo huachwa mara nyingi katika tafsiri, sijui kwa nini. Labda mfasiri huona ni jambo dogo.

Tumesema mengi juu ya maji yaingiayo nyumbani. Yatokayo yana maneno machache na taabu nyingi zaidi. Miji ya Iringa na Mbeya ni miongoni mwa michache nchini yenye mtandao wa mabomba ya majitaka na mabwawa ya kuyapokea. Miji midogo kwa kawaida hutegemea shimo la choo au karo. Fundi husema "karo" kwa tangi la chini ya ardhi lipokealo maji ya chooni, na "chemba" kwa kishimo cha ukaguzi chenye kifuniko. Maneno yote mawili ni hai na hatuoni haja ya kuyatungia mengine. Mjini Dar es Salaam yuko pia kitenzi "kutapisha choo", yaani kukitoboa wakati wa mvua ili kilichomo kitoke na maji. Ni neno lenye picha kali, nalo lahifadhi jambo la hatari ambalo taarifa za kiofisi huliita "uondoaji usio rasmi". Mfasiri asione haya kulitumia. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia jiji hilo Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi hauwezi kuelezwa vizuri pasipo hilo.

Kinachonyonywa kutoka katika karo na gari sasa huitwa "topekinyesi". Wapo wanaolilaumu neno hili kwa ukali wake. Mimi nalitetea. Halifichi kitu, na mtu anayelisikia hawezi kulidhania kuwa ni mbolea iliyo tayari.

Kuhusu mabwawa ya majitaka, kwa kawaida huwa matatu kwa mfuatano. La kwanza lina kina kirefu, hewa haifiki chini, na uozo hufanyika bila oksijeni. La pili ni la kina kifupi. Juu kuna hewa na chini hakuna. La tatu ni jepesi zaidi, jua hupenya, na vijidudu vingi hufa humo. Tumeyapa majina "bwawa lisilo hewa", "bwawa mseto" na "bwawa la kupevusha". Katika la pili na la tatu mwani mdogo wa kijani hufanya kazi kubwa, ila "mwani" ni neno la pwani, na wasomaji wa bara wameandika kutuuliza ni mnyama gani. Si vibaya kuongeza "majani madogo ya kijani ya majini". Tuseme pia kwamba mabwawa haya hupenda joto, na katika baridi ya Juni na Julai ya Mufindi kazi hupungua kasi, hivyo vipimo vya pwani visinakiliwe pamoja na tafsiri.

Njia nyingine iliyofanyiwa kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kujengwa katika taasisi kadhaa, mojawapo Chuo cha Ualimu Kleruu mjini Iringa, ni kuyapitisha majitaka katika kitalu cha kokoto kilichopandwa matete. Jina lake la kitaalamu latumia neno "ardhioevu", ambalo ni zuri lakini ni geni. Mmoja wetu alipendekeza tukichukue "kinyungu", neno ambalo watu wa Iringa hulitumia kwa bustani za mabondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi. Kwa sura vinafanana sana: bonde bichi, maji chini, mimea juu. Tulilijadili kwa nusu siku tukaliacha, kwa sababu mbili. Vinyungu vingi vimo katika ule ukanda wa mita 60 kando ya vyanzo ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaulinda, na neno limekwisha kuwa la ugomvi. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Kinyungu ni mahali pa mboga. Mama akiambiwa shuleni pamejengwa kinyungu, atapanda kabichi. Tulibaki na "kitalu cha matete".

Neno moja bado limetushinda, nalo tunawaletea wasomaji. Ni jina la maji yatokayo katika mabwawa au vitalu hivyo, baada ya kazi yote. Si majitaka tena, yaweza kunyweshea miti na nyasi. Wapo waandikao "maji yaliyosafishwa", na wengine "majitaka yaliyotibiwa". La kwanza litamfanya mtoto ayanywe, la pili msomaji amekwisha kuona taabu yake. "Majitoka" lilipendekezwa katika kikao, likapingwa kwa kufanana mno na "majitaka", kwa sababu ile ile ya irabu moja. Tutafurahi kupokea mapendekezo, hasa kutoka kwa wahudumu wa mabwawa. Mpaka hapo litakapopatikana neno, anayeandika bango la mahali pa namna hiyo aandike kwa urefu, kwa herufi kubwa: "Maji haya yametoka katika mabwawa ya majitaka. Hayanywewi."